Aliyekoroma Ukutani kwa Bi Rukiya

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mnaletewa sauti kwenye simu. Mtu anarekodi dirishani, anatuma, basi. Sisi tuliletewa na wenyewe kwa vinywa vyao. Nimewaona watu wazima, kanzu zimepigwa pasi, wakisimama mbele ya meza yangu na kutazama mlangoni kuhakikisha hapana mtu wa tatu, kisha wakalia kama kinda la kuku. Na mimi sikuruhusiwa kucheka. Hilo ndilo somo langu la kwanza katika ofisi ile, na lilikuwa gumu kuliko mengi yaliyofuata.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, upande wa Bondeni, vyumba viwili na mlango usiofunga vizuri. Tulishughulikia wanyama wa mjini: mbwa wasio na wenyewe, paka waliokwama juu ya paa, nyuki kwenye dari, na malalamiko ya sauti za usiku nyuma ya nyumba. Mimi niliajiriwa kupokea simu. Mwenye kazi hasa alikuwa Mzee Mbwana, mtu mrefu, mkimya, aliyetembea upandeupande kidogo kama kaa. Angesimama uani kwa mtu kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kisha akakwambia ni nani aliye juu ya mti na kwa nini amekasirika.

Kilichoniondoa kwenye simu ni milango. Nyumba za Mji wa Kale hazimpokei mwanamume mgeni baada ya magharibi, seuze apite ndani mpaka uani walipo wanawake. Mzee Mbwana alikuwa akirudishwa kila mara. Siku moja bibi mmoja akamwambia kupitia upenyo wa mlango, "Niletee yule mwanamke wa simu, nimpe kiti." Nikaenda. Kutoka siku hiyo nikawa masikio ya Mzee Mbwana ndani ya nyumba, na baada ya muda nikawa na masikio yangu mwenyewe.

Alinifundisha jambo moja ambalo nawaachia nyinyi. "Saada," aliniambia, "usijiulize ni mnyama gani. Jiulize anafanya nini." Anayekula ana mwendo wake, hasiti. Anayeita mwenzake hunyamaza katikati, kwa sababu anasikiliza jibu. Wanaopigana hawaachi nafasi. Na mtoto anayedai chakula haachi mpaka ashibishwe, awe wa mnyama au wa binadamu. Ukishajua anafanya nini, jina lake litakuja lenyewe.

Na kabla ya mnyama, toa mashine kwanza. Nyumba moja walitupigia simu kwamba kuna ng'ombe amefungwa nyuma ya ukuta wao na anateswa. Nilikaa nao uani, nikaomba jirani azime pampu yake ya maji. Ng'ombe akanyamaza. Jirani akaiwasha, ng'ombe akalia. Tangi lilikuwa tupu na pampu ilikuwa ikivuta hewa. Bwana wa nyumba alinisindikiza mpaka njiani akiniomba, tafadhali, nisimtaje jina. Sijamtaja mpaka leo.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kanga pale Biashara Street, mtu wa heshima kubwa. Nyuma ya duka lake palikuwa na ua na mti wa mkungu. Kila usiku alisikia kitu kama mtu anagonga chuma, kimoja kimoja, na hakuna mtu. Aliamini ni wezi wanaitana. Nilimfuata dukani asubuhi, nikamwambia, "Bwana, nitolee hiyo sauti." Akatazama wateja. Akashusha sauti: "Kong." Nikamwambia nataka kusikia na kimya chake pia, kati ya mlio na mlio. Basi akasimama nyuma ya majora ya kitambaa, amefumba macho, akaanza: "Kong. Kong. Kong." Wanawake waliokuwa wakichagua kanga wakaacha kuchagua. Mmoja akajibu kutoka upande wa pili wa duka, "Kong." Alikuwa na sauti nzuri zaidi kuliko yake.

Nilikwisha kujua. Nikaenda uani nikaokota chini ya mkungu matunda yaliyotafunwa nusu na makapi yaliyotemwa. Ni popo, wale wakubwa wanaokula matunda. Dume hujining'iniza akapiga mlio huo ili majike wamsikie. Nikamwambia mfanyabiashara, "Si mwizi. Anatafuta mke." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na aendelee." Mti wake haukukatwa.

Msidhani nilipatia kila mara. Familia moja ya Tudor, nyumba ya karibu na mkono wa bahari kule kwenye miti mingi, walisikia mtoto akilia usiku nyuma ya ua. Nani asiyejua kwamba komba hulia kama mtoto mchanga? Nilisikiliza mara moja tu, nikajaa kiburi, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba ni komba na kwamba yuko kwenye mwarobaini. Ngazi ikaletwa. Nilikuwa nimefika katikati, nimejifunga leso kiunoni, pale jirani alipochungulia juu ya ukuta akauliza tunatafuta nini. "Komba," nikamwambia. Akasema, "Huyo ni mwanangu. Tumefika jana kutoka Lamu." Mzee Mbwana, aliyekuwa amesimama nje ya lango, aliondoka taratibu. Mtoto yule sasa ni binti mkubwa anayesoma chuo. Tukikutana njiani hunipa mkono na kuniambia, "Shangazi, ni mimi komba wako."

Kwa hiyo sikilizeni zaidi ya mara moja. Na mnyama anayelia kama mtoto, muulizieni kwanza kwa majirani.

Lakini kisa ninachotaka mkichukue kutoka kwangu ni cha Bi Rukiya. Kilitokea nikiwa karibu kustaafu. Mzee Mbwana alikuwa amekwisha kufariki, na nyumba zilikuwa zikiniita mimi moja kwa moja.

Bi Rukiya alikuwa mjane, akikaa peke yake kwenye nyumba ya ghorofa ya mawe katika mojawapo ya vichochoro vya Mji wa Kale. Mumewe, Mzee Athmani, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliyenipigia simu hakuwa yeye. Alikuwa mwanawe, Abdu, anayekaa Tudor na mkewe na watoto. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kwa wasiwasi.

"Bi Saada," aliniambia, "mamangu anasema kuna mtu anakoroma chumbani kwake usiku. Nimelala pale mara kadhaa, sikusikia kitu. Sasa majirani wananiambia wanamsikia akizungumza na marehemu baba. Anamwambia ageuke alalie ubavu. Naomba uje umwambie hakuna mnyama, ili akubali kuhamia kwangu."

Mliona alivyoniita? Aliniita nikanushe. Hakuniita nitafute. Mtakutana na wateja wa namna hiyo, na si watu wabaya. Abdu alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mamake kule Tudor na kumnunulia kitanda kisicho kirefu ili asipate taabu kupanda. Alikuwa akimpoteza mzazi wa pili mbele ya macho yake, ndivyo alivyoamini.

Nilikwenda alasiri. Bi Rukiya alinifungulia mwenyewe, mwanamke mdogo wa umbo, mnyoofu, amevaa leso mbili. Tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumba zetu mpaka tukamaliza, kama inavyostahili. Kisha akanikalisha akanitazama sana.

"Umeletwa kunichukua?" akaniuliza.

"Nimeletwa kusikiliza, mamangu."

"Basi sikiliza. Mimi najua mume wangu amekufa. Nimemkalia eda yake mpaka mwisho. Lakini huyu yuwakoroma kama yeye, na mimi umri wangu wote nikisikia mkoromo ule nilikuwa nikisema, geuka ubavu. Mdomo ulisema wenyewe. Ndio nimekuwa na wazimu?"

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza maswali yangu. Sauti inatoka wapi? Akanionyesha ukuta wa nyuma wa chumba chake, penye vidaka, vile visanduku vya ukutani ambavyo wazee waliwekea taa na vyombo. Inatoka kidaka cha juu kabisa. Inaanza lini? Baada ya isha. Inakatika? "Yaja, inanyamaza, yaja tena." Anayekoroma anapumua vipi? Akanitolea mkoromo wenyewe, mrefu, mkavu, unaokwama kooni na kutoka kwa kukwaruza. Ulinisisimua, kwa sababu haukuwa wa kubuni. Mtu anayebuni sauti hubabaika anapoirudia. Yeye aliirudia mara tatu na kila mara ilikuwa ileile.

Jioni hiyo Abdu akaja, tukakaa wote watatu chumbani kusikiliza. Na hapo kazi ikanishinda. Taa zilikuwa zinawaka chumbani na uani. Abdu, kwa adabu yake, alikuwa ameleta chai na mahamri, tukanywa, tukazungumza. Hapakusikika kitu. Si mkoromo, si mkwaruzo. Bi Rukiya alikuwa akiirekebisha leso yake kichwani tena na tena. Sijapata kuona mtu akiungoja mkoromo kwa dua namna ile.

Mwishowe Abdu akasema taratibu, "Mama, watoto wanakungoja. Ijumaa nikitoka msikitini nitakuja na gari."

Bi Rukiya alinitazama mimi. Nikamwomba Abdu jioni moja zaidi kabla ya Ijumaa. Alikubali kama mtu anavyompisha mzee njiani, kwa heshima tu, bila tumaini.

Asubuhi nilirudi peke yangu. Njiani nilijikaripia. Mzee Mbwana alizoea kusema mnyama anakusikia kabla wewe hujamsikia, na mimi nilikuwa nimeketi mle na taa na vikombe vya chai kama niko harusini. Nikashuka uani, ua mwembamba uliobanwa kati ya nyumba na ghala kuukuu lisilotumika. Nikatazama ukuta. Ulikuwa umepakwa chokaa, mweupe mtupu. Chini ya paa palikuwa na tundu la hewa la zamani, upana wa sinia ndogo, lililobaki wazi tangu paa lilipobadilishwa mabati. Linaelekea nyuma ya vidaka vya chumba cha Bi Rukiya.

"Bi Rukiya," nikamwita, "ukifagia hapa huokota nini?"

"Uchafu wa paka. Hutapika manyoya."

"Una paka?"

"Sina," akasema. "Wa watu."

Fagio lilikuwa limeegemezwa mlangoni, na kando yake takataka za asubuhi hazijatupwa. Nikachutama nikachambua. Nikapata tonge la manyoya, kavu, refu kama kidole gumba. Nikalivunja mkononi. Ndani yake mlikuwa na mifupa midogo, misafi kama imeoshwa, na fuvu la panya na meno yake ya mbele ya manjano. Paka hatapiki hivyo. Kuna ndege mmoja tu mjini humu anayemmeza panya mzima kisha akarudisha mifupa na manyoya yamefungwa kama kifurushi.

Nikatazama ukuta tena. Kinyesi cha bundi ni cheupe, na ukuta ni wa chokaa. Ningeutazama mchana kutwa nisione. Lakini chini kidogo ya tundu palikuwa na dirisha lenye ubao wa kijani, na juu ya kijani ile michirizi myeupe ilikuwa imeshuka kama mtu amemwaga rangi. Nilikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya ua. Nilitamani Mzee Mbwana awepo.

Mnakumbuka, jiulize anafanya nini. Makinda ya bundi mweupe, yule mwenye uso wa mviringo kama kisahani, hawalii kama vifaranga. Wakidai chakula wanakoroma. Na wanakoroma zaidi mzazi anapokaribia na panya mdomoni. Mzazi hakuja jioni ile kwa sababu tuliwasha ua kama mchana. Abdu naye, akilala pale, hulala chumba cha mbele cha barabarani, na feni inawaka. Kila mtu alisema kweli. Hilo nalo mtaliona mara nyingi.

Sikumwambia Bi Rukiya jina la mnyama. Mnajua watu wanavyomwogopa bundi, na sikutaka asikie jina kabla ya kupata haki yake. Nilimwambia tu, "Leo tutakaa gizani."

Abdu alikuja baada ya isha. Nikazima taa ya ua, ya ngazi, ya chumbani. Nikamkalisha kwenye mkeka karibu na mamake, miguu bila viatu, simu imezimwa. Mimi nikakaa dirishani pa ubao wa kijani, nimeufungua kidogo. Hakuna aliyesema. Kutoka kichochoroni tulisikia mlango ukifungwa, na mtu akimwaga maji.

Kikapita kitu cheupe mbele ya dirisha. Hakikuwa na sauti kabisa, hata ya bawa. Kama mtu amerusha shuka.

Na ukuta ukakoroma.

Wanangu, nilijua ni nini, nilikuwa nimelivunja tonge kwa mkono wangu, na bado nywele zilinisimama. Ulikuwa mkoromo wa mwanamume mnene aliyelala chali. Ukatoka kidaka cha juu, ukajaza chumba, ukakatika, ukaanza tena.

Kwenye mkeka, Abdu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Baba."

Hakusema kwa woga. Alisema kama mtoto anayemkuta mzazi amerudi safari. Sikuweza kumtazama. Nilimsikia Bi Rukiya akisogea gizani, akamshika mkono.

"La, mwanangu," akamwambia. "Babako amezikwa, na wewe ndiye uliyeshuka kaburini. Huyu ni mwengine, na ana njaa."

Kisha akanigeukia. "Ni nani?"

Nikamwambia. Bundi, na watoto wake. Abdu akainuka mara moja akitaka kujua ni lini tundu litazibwa, kwa maana nyumba yenye bundi watu hawaisemi vizuri. Bi Rukiya akamwambia aketi.

"Mwaka huu mzima umepata kuniona nikitega panya?" akamuuliza.

"Sikuona."

"Nyumba za jirani zote wanalia na panya. Mimi sina. Nilidhani ni usafi wangu." Akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza nilichosikia. "Waache wale. Wakiondoka wenyewe, ziba ukitaka. Na mimi usinitoe kabla yao."

Abdu aliketi. Alikaa na mamake mpaka makinda wakashiba na ukuta ukanyamaza. Ijumaa hakuja na gari. Alikuja na watoto wake, akawakalisha gizani wasikilize, na mkubwa wao akasema babu alikuwa akikoroma hivyo hivyo. Wote wakakubaliana, wakaanza kukumbushana habari za babu yao mpaka chakula kikapoa. Bi Rukiya aliniambia baadaye kwamba tangu msiba hawakuwa wameweza kumtaja bila mmoja kutoka nje.

Na Abdu alifanya jambo ambalo nilimheshimu kwalo. Alikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa wale waliomwambia kwamba mamake ameruka akili. Akawaalika waje wasikie. Walikuja. Kwa wiki kadhaa chumba kile kilikuwa na wageni kila jioni, wanawake tu, wamekaa gizani kimya, jambo ambalo kichochoro kile hakikupata kuliona.

Basi nawaambia hivi. Anayekwambia amesikia, amesikia. Unaweza kumkosoa juu ya alichokisikia. Lakini anzia hapo, kwamba amesikia, hasa akiwa mtu ambaye wengine wameshaacha kumwamini. Nusu ya kazi yetu ni kutafuta mnyama. Nusu ya pili ni kumrudisha mtu mahali pake kati ya watu wake. Nilifanya kazi ile miaka mingi na hakuna siku niliyorudi nyumbani nikitembea kwa raha kama usiku ule.

Siku kinda wa mwisho alipotoka, Bi Rukiya aliniita juu ya paa lake. Ilikuwa magharibi imekwisha kuingia, mbingu bado ina mwanga kidogo upande wa Tudor. Wawili walikuwa wameshatoka jana yake. Wa mwisho alikuwa amesimama kwenye ukingo wa tundu, anayumbayumba, anakoroma kwa hasira, na mzazi amekaa juu ya ghala, mnyamavu, hamletei kitu. Tulikuwa tumeinama juu ya ukuta wa paa kumtazama, wazee wawili tumeshikana mikono.

Akajitupa. Akashuka sana, nikadhani ameanguka uani, kisha mabawa yakamkamata, akapanda, akavuka kichochoro, akatua juu ya tangi la maji la jirani akilikwaruza kwa makucha.

Bi Rukiya akapiga vigelegele. Virefu, vya mwanamke aliyepata kuvipiga katika harusi nyingi. Kwenye mapaa mengine wanawake waliokuwa wakianua nguo wakainua vichwa, na mmoja akaita, "Bi Rukiya, kulikoni huko?"

"Nimemuoza binti," akajibu.

Yule mwanamke akatazama tangi lake, akamwona bibi harusi. Akaweka nguo chini, akapiga vigelegele naye, na wa paa la pili akaitikia, na wa tatu.